Je, mtaa usio na fedha unaweza kumudu eneo la wazi?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa serikali ya mtaa katika kata mojawapo iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu unaonyesha eneo la wazi la ekari mbili hivi, ambalo upande mmoja linapitiwa na korongo. Tangu viwanja vipimwe halijafanyiwa lolote. Vijana huchezea mpira sehemu ya juu, na sehemu ya chini watu wameanza kutupa taka na kuchimba mchanga. Katika kikao kilichopita baadhi ya wajumbe walipendekeza tuiombe halmashauri ibadilishe matumizi, eneo lipimwe viwanja na kuuzwa, na fedha zijenge madarasa, kwa hoja kwamba mtaa maskini hauwezi kumudu bustani. Je, kiuchumi hoja hiyo ina mashiko? Na kama haina, eneo hili litunzwe kwa fedha gani?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lililokuja na vipimo vyake, kwa sababu mijadala mingi ya maeneo ya wazi hukwama palepale inapoanzia: upande mmoja husema miti ni mapafu ya mji, upande wa pili husema watoto wanakaa chini darasani, na hakuna anayetoa kalamu akapiga hesabu.

Wajumbe wenzako hawajakosea kuuliza. Ardhi iliyokaa wazi ina gharama, na gharama yake kubwa si mfagiaji wala mlinzi, bali ni kile ambacho ardhi hiyo ingezalisha kama ingetumiwa vingine. Halmashauri yenye mapato madogo inapoacha ekari mbili wazi inatoa ruzuku ambayo haionekani katika vitabu vyake, na wananchi wana haki ya kujua wanapata nini kwa ruzuku hiyo. Kwa hiyo tuanze na hesabu ya upande wao, kwa bei za mfano ambazo mnaweza kuzibadilisha kwa bei halisi za huko kwenu.

Ekari mbili ni mita za mraba 8,000 na ushee. Ukitoa robo kwa ajili ya barabara za ndani na njia ya maji, zinabaki 6,000, yaani viwanja 12 vya mita za mraba 500 kila kimoja. Tuseme vinauzwa kwa Shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Jumla ni Shilingi milioni 90, kabla ya kutoa gharama za kupanga, kupima na kumilikisha. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilitenga Shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Kwa kipimo hicho eneo lenu zima lina thamani ya madarasa manne na fedha kidogo za madawati. Madarasa manne si jambo la kubeza hata kidogo. Hata hivyo, mauzo hayo hufanyika mara moja tu, ilhali mahitaji ya madarasa hurudi kila Januari, na viwanja 12 vitakavyouzwa vitaleta familia 12 ambazo nazo zitaandikisha watoto. Kuuza ardhi ya umma ili kulipia huduma ya kila mwaka ni sawa na kuuza mbegu ili kununua unga: mwaka huo watu watakula, lakini mwaka unaofuata watarudi wakiwa na mahitaji yaleyale na bila shamba la kupanda.

Sasa tupige hesabu ya kurudi nyuma. Tuchukulie kwamba baada ya miaka kumi mtaa umejaa, korongo limepanuka, na halmashauri inahitaji pale mahali pa kupitisha mfereji mkubwa au pa kujenga kituo cha afya. Chini ya sheria zetu za ardhi, mwananchi anayeondolewa kwa manufaa ya umma hulipwa thamani ya soko ya ardhi na majengo yake, na juu yake posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na fidia ya faida aliyoipoteza kama alikuwa na biashara. Nyumba ya kawaida pamoja na kiwanja chake ikithaminiwa Shilingi milioni 60, nyumba 12 ni Shilingi milioni 720 kabla hata ya kugusa posho. Milioni 90 zile za mwanzo, hata kama zisingejenga darasa lolote na badala yake zingewekezwa kwa faida ya asilimia 10 kila mwaka bila kuguswa, baada ya miaka kumi zingekuwa zimefikia milioni 233 hivi. Pengo lililobaki linakaribia nusu bilioni, na mlipaji ni yuleyule.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Uamuzi wa kuacha eneo wazi mnaweza kuugeuza mwaka wowote mtakapoona inafaa, lakini uamuzi wa kuuza haugeuziki, isipokuwa kwa bei ambayo mtaa wala halmashauri haina. Nafasi hiyo ya kusubiri ina thamani yake yenyewe, na thamani hiyo huwa kubwa zaidi katika mji unaokua kwa kasi na ambao mahitaji yake ya kesho hayajulikani vizuri. Dodoma ni mji wa namna hiyo. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji. Sensa ya 2022 ikawakuta 765,179. Ardhi iliyokuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu tangu 1973 ilihamishiwa kwa halmashauri mwaka 2017 baada ya mamlaka hiyo kuvunjwa, na tangu hapo kupima na kuuza viwanja kumekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya ndani. Halmashauri inayoishi kwa kuuza viwanja ina kishawishi cha kudumu cha kuviona vilivyosalia kama akiba ya kuuza kesho. Si lazima awepo mtu mwovu ili jambo hilo litokee.

Anayetaka kuona ankara ya eneo la wazi lililopotea aende Dar es Salaam, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Bonde lile lilipaswa kubaki tambarare ya kupokea maji ya mafuriko. Watu walijenga, huduma zikafuata, na Desemba 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 mjini humo na kuilazimu Serikali kuwapa waathirika viwanja Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, na imekuwa ikifunikwa na maji mara kwa mara. Leo mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ambao sehemu yake ni kuwahamisha wakazi kwa fidia na kulirudishia mto nafasi yake pamoja na bustani ya mji, unagharimu zaidi ya dola milioni 200 za Marekani. Kwa maneno mengine, mkopo wa kimataifa unatumika kununua tena nafasi ambayo miaka 50 iliyopita ilihitaji ulinzi wa kawaida tu.

Korongo lenu ni dogo kuliko Msimbazi, lakini fizikia yake ni ileile, na kwa Dodoma naona hii ndiyo hoja nzito kupita zote, hata kama hoja ya kivuli na michezo ndiyo huvutia watu zaidi. Mvua ya mwaka mzima hapa ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa mapigo machache makali. Pigo moja la milimita 50 kwenye ekari mbili ni lita 400,000, yaani uniti 400 kwa kipimo cha mita ya maji ya nyumbani. Ardhi ikiwa na majani, vichaka na mashimo yake ya asili, sehemu kubwa ya maji hayo huzama au hucheleweshwa. Ikifunikwa kwa mabati, saruji na udongo ulioshindiliwa, karibu yote hukimbilia korongoni kwa dakika chache, yakiongezeka na yale yanayotoka kwenye mitaa ya juu yenu. Korongo hujibu kwa kula kingo zake. Wenye umri wetu tunaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeharibiwa na mmomonyoko, kwa sababu makorongo yalikuwa yamefikia hatua ambayo hakuna dawa nyepesi iliyobaki. Mjini dawa nyepesi ikikosekana, dawa nzito ni mfereji wa zege, na mtaa unaweza kuomba mfereji kwa miaka mingi kabla haujafikiwa katika bajeti ya barabara. Kwa hiyo ukanda wa korongo usihesabiwe kama ardhi iliyokaa bure, maana unafanya kazi ya mfereji ambao hamjalipia.

Nirudi kwenye fedha. Kuna hoja ya kale kwamba eneo la wazi hujilipa lenyewe kwa kupandisha thamani ya nyumba zinazolizunguka. Mfano unaotajwa sana ni Central Park ya New York: Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wake, alionyesha kuwa kati ya 1856 na 1873 thamani ya mali katika kata tatu zinazopakana na bustani hiyo ilipanda kwa zaidi ya dola milioni 200, na kodi ya ongezeko hilo ikazidi riba ya fedha zilizokopwa kuijenga. Mji wenyewe ulikuwa ukikua kwa kasi miaka hiyo, na sehemu ya ongezeko ingetokea hata bila bustani, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha mwelekeo huo, kwa sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika: eneo liwe linatunzwa na kutumika. Eneo lililogeuzwa jalala hushusha thamani ya nyumba jirani.

Hoja hiyo haiwezi kuhamishiwa Dodoma kama ilivyo, nami huwa nasikitika ninapoona imenakiliwa katika maandiko ya miradi bila kuguswa. Kule New York ongezeko la thamani lilirudi kwa mji kupitia kodi ya mali iliyofuata thamani. Kwetu, tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida, iwe inatazama bustani au inatazama jalala. Jirani wa eneo zuri hunufaika, lakini halmashauri iliyolitunza haioni senti ya ziada. Kolombia ilitunga sheria ya mchango wa ongezeko la thamani tangu 1921, ambapo wenye mali wanaonufaika na mradi wa umma huchangia gharama zake, na Bogotá imejenga kazi nyingi kwa njia hiyo. Sisi hatuna chombo cha namna hiyo kinachofanya kazi katika ngazi ya mtaa.

Tunacho, hata hivyo, chombo kingine ambacho New York haikuwa nacho: halmashauri zetu ndizo zinazouza viwanja. Ongezeko la thamani linaweza kuvunwa siku ya kwanza, pale ambapo viwanja vinavyotazama eneo la wazi vinauzwa kwa bei ya juu kuliko vya nyuma yake, na tofauti hiyo ikawekwa kwenye kifungu maalumu cha kuweka mipaka na kupanda miti. Kwa mtaa wenu ambao viwanja vimekwisha kuuzwa treni hiyo imepita, lakini kwa maeneo mapya yanayoendelea kupimwa kuelekea Mtumba, Nala na kando ya barabara ya mzunguko bado haijapita, na diwani wenu anaweza kulisema jambo hilo katika Baraza la Madiwani bila kuomba senti kutoka popote. Vivyo hivyo pale mwenye shamba anapogawana viwanja na mpimaji: asilimia ya eneo la wazi ikatwe kwenye shamba zima kabla ya mgawo, ili asiwepo mmoja anayeona kaporwa peke yake. Ikishapita hatua ya mgawo, kila mtu hushikilia chake, na hiyo ndiyo sababu maeneo yanayorasimishwa baada ya watu kujijengea hubaki bila hata uwanja wa chandimu.

Sasa swali lako la pili, litunzwe kwa fedha gani. Hapa natofautiana na pande zote mbili za kikao chenu, kwa sababu zote zinafikiri kwamba kutunza maana yake ni kujenga bustani. Neno bustani likitajwa, watu huiona Nyerere Square katikati ya mji, yenye vigae, viti, taa na nyasi za kumwagilia. Mahali pale ni uso wa makao makuu na panastahili matunzo hayo. Mtaa hauhitaji hivyo. Katika nchi ambayo jua hufyonza karibu milimita 2,000 za maji kwa mwaka wakati mvua haifiki hata theluthi moja ya kiasi hicho, nyasi za kijani mwezi Septemba ni anasa, na mji wenye mgao wa maji ungepaswa kuona aibu kidogo kuzimwagilia. Uwanja wa udongo uliosawazishwa, wenye miti pembezoni na ukanda wa vichaka kando ya korongo, ni eneo la wazi kamili.

Gharama zake hupangika kwa tabaka tatu, na kosa la kawaida ni kuanza na la juu. Tabaka la chini kabisa ni la karatasi na mipaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maeneo mengi ya umma yamepotea hivyohivyo: mchoro ulikuwapo lakini hakuna aliyekuwa na nakala, bikoni, yaani nguzo za mipaka, ziling'olewa, na mtu akaja na barua yenye mhuri. Ombeni nakala ya mchoro ulioidhinishwa na ramani ya upimaji, mzibandike kwenye ofisi ya mtaa, na muiombe halmashauri ifufue bikoni na kuandaa hati kwa jina lake, matumizi yakiwa yametajwa. Hiyo ni kazi ya siku chache za mpimaji, na ndani ya bajeti nzima ya maeneo ya wazi hakuna shilingi inayolinda zaidi ya hiyo.

Tabaka la pili ni uzio na miti. Eneo la ekari mbili lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita 360 hivi. Ukuta wa tofali wa urefu huo utameza fedha zote mtakazopata, kisha utawaficha wavamizi badala ya kuwazuia. Mstari wa miti na michongoma unatosha, ukiachwa na milango mipana ya watu. Wengi watapendekeza minyaa kwa sababu huota hata kwenye mawe, lakini utomvu wake huumiza macho, na mahali pa watoto singeiweka. Kwa miti, mwarobaini na migunga ya asili huvumilia kiangazi chetu kuliko miche ya mapambo inayouzwa barabarani. Gharama halisi ya mti, ambayo kampeni za upandaji huisahau, ni maji ya miaka miwili ya mwanzo. Miche 60 ikipewa dumu moja la lita 20 kwa wiki, kwa wiki 28 za kiangazi, ni lita 33,600, yaani takriban uniti 34 kwa msimu. Kwa bomba la jirani fedha hizo zinachangika katika mtaa wenye kaya mia kadhaa; kwa boza la maji hazichangiki. Kwa hiyo kabla ya kuchimba mashimo, jueni maji yatatoka bomba lipi na nani atalipa ankara. Bila hilo pandeni miche 20 itakayopona, na muiache ile 40 ambayo ingekauka ifikapo Agosti.

Tabaka la tatu, viti, taa, vyoo na vifaa vya michezo, liacheni mpaka atakapojitokeza mfadhili, na hata hapo muulizeni nani atakarabati.

Kinachobaki ni ulinzi wa kila siku, na hapa uzoefu wa miji yenye fedha kidogo unafanana mahali pengi: mlinzi wa bei nafuu ni matumizi. Eneo linalochezewa mpira kila jioni halivamiwi kimyakimya, kwa sababu msingi ukichimbwa usiku vijana watauona kesho yake. Katika eneo lenu, sehemu ya juu inayochezewa haijaguswa, na sehemu ya chini isiyotumika ndiyo imekuwa jalala na machimbo. Uvamizi umefuata mahali pasipo na watu, na hilo peke yake linawaonyesha pa kuanzia. Philadelphia, Marekani, mji wenye maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, ulijaribu dawa ya chini sana: kuondoa taka, kupanda nyasi na miti michache, na kuweka uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za watu kupita. Watafiti waliofuatilia viwanja hivyo walikuta matukio ya silaha yamepungua jirani na viwanja vilivyosafishwa, na gharama ilikuwa kama dola 1,600 kwa kiwanja. Curitiba, Brazili, ambako tangu miaka ya 1970 mabonde ya mito yalifanywa bustani badala ya kuwekewa mifereji, ilikwenda mbali zaidi katika kubana matumizi: nyasi zilikatwa na kondoo. Kondoo, Mwalimu, si mbuzi. Mkiruhusu mbuzi wa mtaa waingie kabla miche haijafika urefu wa mtu, msahau habari ya miti.

Matumizi yanaweza pia kuleta kipato kidogo, na neno kidogo hapa nalitumia kwa makusudi. Gulio la siku moja kwa wiki, mechi za ndondo, sherehe na mikutano vinaweza kulipiwa ada, na mama lishe wawili watatu wakapewa kona kwa makubaliano ya kusafisha. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikikopeshwa kuanzisha kitalu cha miche kwenye pembe ya eneo, kikiwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja na halmashauri, mtakuwa mmepata mwangalizi anayekaa pale kutwa kwa maslahi yake mwenyewe. Mkataba usiwe wa muda mrefu wala usiruhusu jengo la kudumu. Kampuni za simu nazo zinaweza kuja na ombi la mnara. Kodi yake inavutia, lakini hakikisheni inaingia kwenye akaunti inayosomwa mbele ya mkutano wa mtaa, na kwamba mnara unakaa pembeni wala haukati uwanja vipande viwili. Wapo watakaowatajia msitu wa Karura wa Nairobi, unaojiendesha kwa kiasi kikubwa kwa viingilio na michango ya wananchi. Ule ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, umezungukwa na vitongoji vya wenye uwezo. Mkiweka kiingilio kwenye ekari mbili mtawafukuza vijana walewale wanaowalindia.

Kuna jambo ambalo huenda wapenzi wa maeneo ya wazi hawatalipenda. Si kila kipande kilichopakwa rangi ya kijani kwenye mchoro kinastahili kupiganiwa. Katika michoro yetu mna pembe za masalio, mita za mraba 200 nyuma ya kuta za watu, ambazo hazifikiki, hazichezeki na hazipitishi maji. Halmashauri yenye fedha chache ingefanya busara kuziuza kwa majirani wanaopakana nazo, kwa utaratibu wa wazi wa kubadilisha matumizi, na kuelekeza fedha zote kwenye maeneo makubwa kama lenu. Masharti ni mawili: orodha nzima itangazwe kwa pamoja, na fedha zisiingie kwenye mfuko wa jumla. Wajumbe wenzako wakitafuta cha kuuza, waanzie huko.

Na adui si mtu binafsi peke yake. Maeneo mengi ya wazi nchini yamemegwa na umma wenyewe, kwa nia njema kabisa: ofisi ya kata, kituo kidogo cha polisi, zahanati, nyumba ya ibada, kila kimoja kikiwa na sababu isiyopingika. Pendekezo la madarasa linaingia katika kundi hilo. Kama shule ya kata yenu imejaa kweli, swali la kwanza ni kama eneo la shule lina nafasi ya kujenga madarasa kwenda juu, au kama kuna kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya shule ambacho hakijaendelezwa. Mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na kukamilika mwaka 1976, ulifuata umbo la vilima na mabonde na kuacha ardhi ya wazi kati ya makazi. Uhaba wa fedha uliokwamisha majengo mengi ya mpango ule haukuigusa ardhi hiyo. Imekuja kumegwa baadaye, mji ulipoanza kupata wanunuzi.

Kwa kikao kijacho ningewashauri msipige kura ya kuuza au kutouza, kwa sababu kubadilisha matumizi ya eneo la umma hakuishii kwenye kikao cha mtaa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kuna maombi kwa mamlaka ya upangaji, tangazo kwa umma na idhini ya ngazi za juu, na kura yenu ya haraka itatumika tu kama karatasi ya kuanzia kwa mtu mwingine. Pitisheni badala yake muhtasari wenye mambo matatu: kuomba bikoni na hati, kupiga marufuku uchimbaji wa mchanga kwenye korongo huku Afisa Mazingira akishauri upana wa ukanda wa kuachwa, na kukiteua kikundi kimoja kuwa mwangalizi kwa mwaka mmoja. Ambatisheni hesabu ya milioni 90 na milioni 720 mkiweka bei za mtaani kwenu, maana diwani atahitaji namba mkononi. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, lakini mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na miche hupandwa mvua za Desemba zinapotulia. Muhtasari ukiifikia Kamati ya Maendeleo ya Kata mwezi Novemba, mtawahi bajeti ya bikoni na msimu wa kupanda kwa pamoja. Ukifika Februari mtakuwa mmepishana na vyote viwili, na wachimba mchanga watakuwa na mwaka mwingine mzima.